Mwewe, kipanga au shakevale? Kumjua anayeshuka kwenye kuku wako

Mtetea wetu mweupe aliuawa saa mbili asubuhi, nyuma ya jiko, watoto wakiwa wameshakwenda shule. Tulipofika tulikuta duara la manyoya chini ya mgomba, na kuku mwenyewe amelala chali, kifua kimeliwa. Juu ya nguzo ya umeme, mita mia moja hivi kutoka hapo, alitulia ndege mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mkia mfupi wa rangi ya matofali. Kijana wa jirani akanyoosha kidole: “Shangazi, mwizi wako yule pale.” Akatoa manati. Jiwe la tatu lilimpata.

Baada ya wiki mbili tukapoteza kuku wa pili, kwa namna ile ile, na nguzo ikiwa tupu. Wa tatu nilimshuhudia. Ndege aliyempiga hakushuka kutoka angani. Alitokea ubavuni, kwenye mikaratusi ya mpakani, akaruka chini chini usawa wa ua, akapinda kwenye kona ya banda na kumkumba kuku kabla jogoo hajalia. Naye alikuwa mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Ila mkia wake ulikuwa mrefu, wa kijivu cheusi, na macho mekundu kama kaa la moto.

Tulikuwa tumemwua shakevale, ndege ambaye chakula chake kikubwa ni panya na fuko wanaotafuna viazi vyetu. Mwuaji alikuwa kipanga mweusi. Tangu siku ile sikubali mtu aseme tu “mwewe” mbele yangu bila kumwuliza: mkia ulikuwaje?

Niko upande wa kusini wa Mlima Meru, mkoani Arusha, na ndege ninaowalinganisha hapa ni wale wa milimani kwetu na wa nyika iliyo chini yetu. Wengi wao wako pia Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hiyo msomaji wa Limuru au wa Musanze atawatambua.

Majina kwanza, maana hapo ndipo vurugu inapoanzia

Kwa watu wengi, ndege yeyote mwenye kucha na mdomo wa kupinda ni mwewe akiwa mdogo, na tai akiwa mkubwa. Pwani wana kozi, kipanga, pungu na furukombe, lakini hata huko kipanga wa mtu mmoja ni kozi wa mwingine. Hapa nitatumia hivi: mwewe ni yule wa kahawia mwenye mkia wa panda, Milvus aegyptius. Kipanga ni ndege wa vichakani mwenye mbawa fupi za mviringo na mkia mrefu. Shakevale ni mwenye mbawa pana na mkia mfupi. Kozi ni jamii nyingine kabisa, mwenye mbawa nyembamba zilizochongoka kama jambia. Huyo anamalizia windo lake kwa mdomo, ilhali kipanga anaua kwa kucha. Leo sitamgusa kozi.

Majina ya Kilatini nitayaweka pale yanapohitajika. Usishangae ukikuta kitabu kimoja kinaandika Accipiter melanoleucus na orodha mpya inaandika Astur melanoleucus. Ni kipanga mweusi yule yule. Wataalamu wamegawanya upya ukoo wa vipanga miaka hii ya karibuni, na vitabu vingi vilivyo mikononi mwa watu bado vina majina ya zamani.

Usianze na rangi

Rangi hudanganya. Mwanga wa asubuhi hugeuza kijivu kuwa cheusi, na ndege wa mwaka wa kwanza karibu wote ni wa kahawia. Mimi huangalia umbo la mkia, kisha umbo la mbawa, kisha namna ndege anavyokaa au anavyoruka. Mahali alipo ni ushahidi wa nne, na mara nyingi ndio unaomaliza kesi. Rangi ya macho, ya miguu, na ya ile ngozi iliyoshika tundu za pua huja mwisho, ukiwa na darubini au ndege akiwa karibu.

Mwewe na kipanga mweusi

Hawa ndio wawili wanaokula kuku kweli kweli, na kuwatofautisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Mwewe utamwona kabla hajafanya kitu. Anazunguka juu ya mtaa, juu ya soko, juu ya machinjio, mbawa zimekunjwa kidogo kwenye kiwiko, na mkia wake wa panda haukai kimya: anaupinda kushoto na kulia kama mtu anayekata kona na usukani. Hakuna ndege mwingine wa kwetu anayefanya hivyo kwa wazi namna ile. Mkia akiutanua sana panda inapotea, kwa hiyo subiri aukunje. Ni wa kahawia mwili mzima. Mdomo wa mtu mzima ni wa njano. Wa mtoto ni mweusi. Mbawa zikinyooka zinakaribia mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na hapo ndipo watu wanapomwona mkubwa kuliko alivyo. Mwilini ni mwepesi, hafiki kilo moja.

Uzito huo ndio ulipaswa kutuambia ukweli siku ile. Mwewe hunyakua. Anashuka, anakwapua kifaranga au kipande cha nyama mkononi mwa mtoto, anaondoka nacho bila kutua, na mara nyingi anakila angani huku anaruka. Mtetea mzima hamwezi. Ukikuta kuku mkubwa amenyonyolewa na kuliwa papo hapo alipoangukia, mwewe hahusiki, hata kama unamwona juu yako wakati huo huo. Pengine amekuja kuokota mabaki. Anakula mizoga ya barabarani, kumbikumbi baada ya mvua, panzi wanaokimbia moto wa nyasi, chochote.

Kipanga mweusi ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Anakula alichoua mwenyewe. Haonekani. Unaweza kukaa naye miaka mitano kwenye kipande cha mikaratusi na usimjue, mpaka uanze kuona marundo ya manyoya ya njiwa chini ya miti. Mbawa zake ni fupi na za mviringo, mkia mrefu, vitu viwili vinavyomwezesha kupita katikati ya matawi kwa kasi bila kugonga. Anapiga mbawa mara kadhaa za haraka, anateleza, anapiga tena. Jike anakaribia kilo moja na ni mkubwa mno kuliko dume, ambaye ni wa nusu kilo hivi. Dume huwinda zaidi njiwa na tetere. Jike ndiye wa kuhofiwa na mwenye kuku.

Anaipenda mikaratusi. Hilo ni jambo la ajabu kwangu, kwamba mti ulioletwa kutoka Australia umempa ndege huyu makazi mapya mahali ambapo msitu wa asili ulikwisha kukatwa. Miti mirefu, minyoofu, yenye panda nzuri juu, inamtosha kwa kiota cha vijiti anachokirudia mwaka baada ya mwaka.

Kipanga mweusi na shakevale

Sasa kosa letu. Wote wawili wapo wa mgongo mweusi na tumbo jeupe. Na ili kuzidisha mkanganyiko, wote wawili wana pia ndege weusi mwili mzima: kipanga mweusi wa namna hiyo huwa na weupe kidogo kooni, na shakevale mweusi hana weupe huo.

Mkia unamaliza ubishi. Shakevale mzima, Buteo augur, ana mkia mfupi wa rangi ya matofali, na hata awe mweusi kiasi gani mwilini, mkia unabaki mwekundu. Akiruka juu yako utaona mbawa pana mno, na mkia hautokezi sana nyuma yake, kama vile ndege amekatwa nyuma. Kipanga mweusi mkia wake ni mrefu, wa kijivu cheusi wenye mistari ya kukingama, na huwezi kuuona mfupi hata ukitaka.

Tabia zao pia haziendani. Shakevale anakaa peupe: nguzo ya umeme, mti mkavu katikati ya shamba, jiwe kubwa. Anakaa saa nzima akitazama ardhi. Kwenye upepo wa mlimani anasimama angani kama tiara, hasogei, kisha anashuka taratibu na miguu mbele. Mawindo yake ni panya, fuko, nyoka, mijusi. Ndiye ndege utakayemwona ukipanda Ngorongoro au ukipita mashamba ya ngano na viazi ya nyanda za juu. Simtetei kupita kiasi: kifaranga aliyepotea peke yake kwenye nyasi fupi anaweza kumchukua. Lakini kati ya ndege wote ninaowataja hapa, huyu ndiye ambaye ningelipa ili akae shambani kwangu, na ndiye anayepigwa mawe zaidi, kwa sababu tu haoni haja ya kujificha.

Mtoto wa shakevale hana mkia mwekundu bado. Ni wa kahawia juu, tumbo la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, mkia wa kahawia wenye mistari myembamba. Huyo mpime kwa umbo: mbawa pana, mkia mfupi, na kawaida wazazi hawako mbali. Mtoto wa kipanga mweusi naye ni wa kahawia, kifua cheupe au cha rangi ya kutu chenye mistari ya wima, mkia mrefu kama wa wazazi wake.

Kipanga wa msituni

Huyu, ambaye kitaalamu ni tachiro, anaishi penye miti ya kweli: mabonde yenye mito, kingo za msitu, bustani kuukuu za mjini. Ni mdogo kuliko kipanga mweusi, na mtu mzima ana kifua chenye mistari myembamba ya kutu inayokingama, ambayo kipanga mweusi hana kamwe. Macho ni ya njano. Mtoto ana madoa kama matone ya mvua kifuani.

Lakini mimi humjua kwa sikio. Alfajiri anapanda juu sana, mpaka anakuwa nukta, na anazunguka huku akitoa mlio mkavu mfupi, “chip”, kisha kimya cha sekunde mbili tatu, kisha “chip” tena. Watu wengi wameusikia mlio huo maisha yao yote wakidhani ni wa ndege mdogo mtini. Amka kesho kabla ya jua uangalie juu, sio kwenye matawi.

Wadogo wa kijivu

Ukishuka kwenye miti ya migunga na miombo, au hata ukiwa bustanini kwenye mji wa chini, utakutana na vipanga wadogo wa kijivu ambao huwatesa hata wenye darubini nzuri. Wanne wanatosha kwa kuanzia.

Shikra, badius, ana ukubwa unaokaribia wa njiwa. Mgongo wa kijivu safi, kifua chenye mistari myembamba ya kutu, na akiukunja mkia huoni mstari wala doa juu yake. Kiunoni hana weupe. Jicho la dume ni jekundu. Anakula mijusi hasa. Nimemwona akimbandua mjusi kwenye ukuta wa jiko na kuondoka bila kuwajali vifaranga waliokuwa hatua tatu kutoka pale.

Kipanga mdogo kuliko wote, minullus, ni kama kashikra, ila juu ya mkia wake mweusi kuna madoa mawili meupe ya duara, yanayoonekana vizuri anapokuwa amekupa mgongo, na kiunoni ana ukanda mwembamba mweupe. Jicho la njano. Uzito wake hauzidi sana gramu mia. Hana uwezo na kuku wako hata angetaka.

Wa tatu ni gabari, Micronisus gabar. Kiuno cheupe pana kinachowaka akiruka kukuacha, miguu myekundu, kifua cha kijivu kisicho na mistari, na tumbo ndilo lenye mistari. Linganisha na shikra: shikra mistari inaanzia kifuani na miguu ni ya njano. Wapo gabari weusi mwili mzima, na hao nao wana miguu myekundu. Kiota chake ukikiona hutakisahau, kwa sababu anakifunika na utando wa buibui waishio kwa makundi, na buibui wenyewe huendelea kufuma humo.

Wa nne si kipanga kwa ukoo, lakini watu humchanganya nao: Kaupifalco monogrammicus, mla mijusi mwenye koo jeupe lililopigwa mstari mmoja mweusi wa wima, kama alama ya wino. Hakuna mwingine mwenye alama hiyo pekee katikati ya koo. Mkia mweusi una ukanda mmoja mweupe, mara chache miwili. Anakaa kimya kwenye tawi, anadondoka kwenye nyasi kuokota panzi au mjusi, anarudi tawini.

Pembeni mwa hawa yuko kamwewe keupe chenye mabega meusi na macho mekundu, Elanus caeruleus, anayesimama angani akipigapiga mbawa juu ya mashamba ya mahindi. Panya wakizidi, naye huzidi. Mwache afanye kazi.

Nyikani

Ukiwa Tsavo, Mkomazi au nyika ya Wamasai, yule mrefu wa kijivu mwenye miguu mirefu mithili ya mtu aliyevaa soksi za rangi, aliyekaa kileleni mwa mgunga, ni kipanga mwimbaji. Wako wawili. Wa mashariki ana ngozi ya njano juu ya mdomo na kiuno cheupe safi. Mwenzake mweusi zaidi, wa miombo na wa upande wa magharibi, ngozi hiyo ni nyekundu au ya machungwa, na kiuno kina mistari. Kama humwoni uso, ngoja aruke.

Yule wa uso wa njano

Polyboroides typus ninamtaja kwa sababu kila mwaka kuna mtu ananiletea picha yake akiwa na hofu. Ni mkubwa, wa kijivu, kichwa kidogo, uso mtupu wa njano unaogeuka mwekundu akihamaki, na mkia mweusi wenye ukanda mmoja mweupe mpana. Anajitundika kwenye mti wa viota vya minana, kichwa chini, mbawa zikipepea ovyo, na anaingiza mguu ndani ya kiota. Kifundo cha mguu wake kinakunjika mbele na nyuma, ndiyo maana anafika kwenye mashimo ambayo wengine hawafiki. Akija bustanini, kilichomleta ni makinda ya minana, mijusi ya kwenye magome, hata matunda ya michikichi kule inakoota.

Oktoba hadi Machi uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu wageni kutoka Ulaya na Asia wako nchini. Mwewe mwenye mdomo mweusi na kichwa cheupecheupe miezi hiyo anaweza kuwa mgeni, au mtoto wa mwewe wetu. Mimi huandika “mwewe” tu kwenye daftari, siendelei mbele.

Umeshamjua, sasa ufanyeje

Kama wanaopotea ni vifaranga, mchana, peupe, na hakubaki kitu chini, huyo ni mwewe. Dawa yake ni kumnyima anga. Tenga la kufunikia vifaranga kwa wiki za kwanza, kisha sehemu ya kulishia iwe chini ya migomba au chini ya kichaka kinene. Kamba zilizovutwa juu ya uwanja humsumbua kwa sababu anahitaji njia safi ya kushuka na kupaa. Koo mkali ni bora kuliko vyote. Usiuze mtetea anayerukia watu.

Kama unakuta manyoya yametawanyika mahali pamoja na kuku mzima ameliwa kifua, mchunguze kipanga mweusi (na usiku, bila shaka, kuna kicheche na wenzake). Migomba na vichaka havitakusaidia, kwa sababu yeye ndimo anamopitia. Kamba hazimzuii. Kinachomzuia ni wavu wa juu, na pande zote, angalau upande unaotazama miti. Sisi tulinunua wavu kuukuu wa kuvulia dagaa, tukaushona juu ya nguzo za miti, na hatujapoteza kuku mwingine mkubwa.

Sumu usiguse. Watu huweka dawa ya wadudu kwenye mabaki ya kuku wakidhani mwuaji atarudi. Anayekuja ni mwewe, ambaye ndiye mla mizoga, kisha mbwa wa jirani, kisha kunguru, na kipanga mweusi yuko mtini anangoja njiwa aliye hai. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kujiulia ndege wa porini anavyotaka.

Kama ndege wako amekaa nguzoni na mkia ni mwekundu, mwache palepale. Nguzo yetu ilikaa tupu miezi saba. Kisha akaja shakevale mwingine, mtoto wa kahawia bila wekundu, na mwaka uliofuata mkia ukabadilika. Kipanga mweusi naye bado yuko kwenye mikaratusi. Asubuhi, nikipita pale na ndoo, naokota manyoya ya njiwa na kuhesabu.